Wifi, Nipe Vipimo Vyako

3 Februari

Wifi yangu,

Salamu nyingi. Hujambo? Mwanao hajambo? Sisi huku wazima, labda kikohozi tu cha vumbi la maabara.

Tangu kaka yangu akuache hatujaandikiana, najua. Leo shida imenisukuma. Tunagonganisha viini vya atomu, na chembe zenye chaji zinazoruka hupita kwenye chumba changu cha gesi. Napima nishati inayopotea humo, ndipo najua ipi ni ipi. Lakini zikienda kasi, aina mbili za chembe hizo, pioni na kaoni, zinafanana kama mapacha. Kigunduzi chako kilicho nyuma ya chumba hicho hupima muda wa safari, na kaoni, kwa uzito wake, huchelewa kidogo. Tukiunganisha vipimo, tutazitenga. Mkuu wa maabara kasema nisipoweza kuzitenga kufikia Aprili, chumba kinang'olewa. Ujana wangu wote umeishia humo. Sikubali.

Wifi yako

1 Machi

Wifi,

Hatujambo. Mwanangu kang'oka meno mawili, akiongea anapiga mluzi.

Nilipotoka kwenu na sanduku langu hukupiga hata simu. Leo chembe zimekushinda, ndiyo nimekuwa wifi? Haya. Vipimo nakutumia, kazi haina talaka. Ila havitaungana kwa barua: mgongano ninaouhesabu wa kumi, kwako umeandikwa wa kumi na moja. Funga safari, tukae mezani tuvioanishe.

Aliyekuwa wifi yako

19 Machi

Wifi,

U mzima? Barua yako nimeisoma nimesimama. Habari za meno zimenichekesha; zile nyingine, hapana.

Kaka kasikia nakuja. "Ukikanyaga kwake, kwangu usikanyage." Nikamjibu, "Uliyeoa ni wewe, uliyeacha ni wewe. Mimi sijamwacha mtu." Mkuu naye kaninyima ruhusa, nimechukua likizo. Jumatatu niko mlangoni kwako. Usihangaike kupika, niwashie kompyuta tu.

Wifi yako, utake usitake

14 Aprili

Wifi,

Umefika salama? Mgongo je, baada ya kochi letu?

Jana nimepitisha data zote kwenye programu tuliyoiandika tukigombana. Lile lundo moja la chembe limepasuka mawili: kaoni kwao, pioni kwao, hata asiyetaka kuona ataona. Kaoni ni chache kuliko ulivyomwahidi mkuu wako. Usiongeze hata moja. Mchoro nimempelekea mkuu mwenyewe, kajibu neno moja: "Kibaki." Chumba chako hakiguswi.

Mwanangu anauliza shangazi anarudi lini. Nikamwambia shangazi ana kazi kwao. "Si aifanyie hapa?" Ile meza ya dirishani uliyofanyia kazi sijaweka kitu juu yake.

Wifi yako