Vitanda vya Ugenini

Mombasa, 4 Agosti 2024

Kwa binti yangu Adhis,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, ni goti tu linalalamika. Mjukuu wangu Mitchelle ananyonya vizuri?

Usishtuke kusikia niko Mombasa. Nilipokuja kwako baada ya kumzika baba yako, ulinisimamisha mlangoni. Ulisema mjane ambaye hajarithiwa akiingia kwenye nyumba ya mtoto mchanga, chira, ile laana ya kuvunja mwiko, itampata mtoto. Nyuma yako mama mkwe wako alikuwa anatikisa kichwa. Nikarudi kwangu, mtaa wa Raila, na chupa ya uji niliyokupikia.

Shemeji yangu Oluoch anasema nisilale nje ya nyumba yangu mpaka nikubali mwanaume aliyenichagulia anirithi. Basi nimetoa pesa yangu ya chama cha akina mama nikaja kulala nje. Niko Mji wa Kale, kwa nyumba ya wageni, kitanda na kiamsha kinywa. Waliniuliza kitambulisho tu. Hakuna aliyeuliza mume wangu alikufa lini.

Leo nimezunguka Fort Jesus yote. Baba yako alifanya kazi ya mjengo huku miaka miwili, na kila mara aliniambia hakuna cha kuona. Mungu amlaze pema, lakini alinidanganya.

Ni mimi, mama yako.

Kawangware 46, 6 Agosti 2024

Mama mpendwa,

Pole na goti. Sisi tuko sawa, ila mtoto alikuwa na homa juzi.

Mama, tafadhali rudi. Uncle Oluoch amekuja hapa na wazee wawili. Anasema unalala hovyo kwa nyumba za watu na utatuletea chira. Mama mkwe anasema hiyo homa imetoka huko. Austin mume wangu amenyamaza tu. Mimi sijui niamini nini, lakini huyu ndiye mtoto wangu wa kwanza na naogopa. Kubali huyo mwanaume, hata kama ni kwa jina tu, iishe. Nataka sana umshike mtoto.

Binti yako, Adhis.

Malindi, 9 Agosti 2024

Adhis wangu,

Mimi sijambo. Homa imeisha? Mpeleke mtoto kliniki, usimtibu kwa maneno ya mama mkwe.

Umesema nikubali kwa jina. Mwanaume halali kwa jina, mwanangu. Analala kitandani.

Jana nilienda Gede kuona mji wa zamani, nyumba za mawe zisizo na paa. Wenyewe waliondoka miaka mingi iliyopita. Niliingia nyumba zote, mpaka vyumba vya kulala, na hakuna aliyenizuia.

Mwenye nyumba ninapolala ni mjane kama mimi. Alikaa eda miezi minne na siku kumi, ikaisha, akafungua hii biashara. Nikamwambia yangu haina tarehe, inaisha siku nikiletewa mwanaume. Aliniongezea mahamri. Nililia pale mezani mbele ya Wazungu wawili na sikuona aibu. Nimechoka kuogopwa na damu yangu mwenyewe.

Kesho naenda Lamu. Nijibu.

Mama.

Kawangware 46, 24 Agosti 2024

Adhis,

Habari za siku nyingi? Mimi nimerudi salama. Hukunijibu nikiwa Malindi, wala Lamu.

Nilikuta Oluoch ameweka kufuli lake kwa mlango wangu wa Raila, eti nirudi baada ya kukubali. Nilimwita landlord, tukalivunja, nikatoa godoro na sufuria zangu. Oluoch alisimama akiniangalia. Nilimwambia hapana, na asubuhi akiuliza tena nitamwambia hapana.

Sasa nimepanga chumba huku kwenu, ng'ambo ya barabara, ile ploti ya geti la kijani, mlango wa tatu. Mtoto akilia namsikia.

Kwako sitaingia, umenikataza na nimekubali, nyumba ni yako. Lakini hiki chumba ni changu. Hakuna mwanaume aliyenioa humu, wala aliyekufa humu. Mlete mtoto nimshike. Kama unaogopa, kuja ukiogopa hivyo hivyo.

Mama yako.

Kawangware 46, 25 Agosti 2024

Mama,

Umeamkaje? Mtoto ni mzima, kliniki walisema ni mafua.

Mama mkwe amesema nikivuka barabara na mtoto, yeye anapanda gari anarudi kwao Ugunja. Nimemwambia asafiri salama. Austin bado hajasema neno, lakini amebeba beseni la kuogea la mtoto na amenifuata nyuma.

Tuko mlangoni kwako, barua naipitisha chini ya mlango. Fungua.

Adhis wako.