Jibu la Namba Ngeni

"Uliomba hekima, ukajibiwa na namba ngeni?" Hapo ni baba anafoka. Shangazi naye juu kwa juu, "Mungu hakosi laini, kaka!"

Ndugu yangu, ile namba ngeni ni mimi.

Ni MIMI!!

Si unamjua shangazi, fundi cherehani wetu? Daktari alimwambia uvimbe wa titi utolewe mapema. Akafunga siku tatu amwombe Mungu hekima, akubali kisu au asubiri. Habari za uvimbe mimi sikuzijua kabisa. Nilidhani anaomba hekima juu ya yule mgane wa kwaya anayemchumbia. Nikanunua laini mpya, nikamwandikia kama vile ni Mungu: "Mwanangu, usikubali. Subiri."

Utani tu! Nilicheka peke yangu kama chizi.

Kasubiri miezi mitano. Miezi mitano, jamani. Leo daktari kasema umeshasambaa.

Nikakiri palepale sebuleni. Baba akaniangalia, akasema, "Chuo kilikushinda, sasa umehamia kwenye unabii?" Nilitamani anipige tu.

Shangazi hata hakupaza sauti. "Na mimi nina kosa. Hekima niliyoiomba ilikuwa imekaa mbele yangu, imevaa koti jeupe. Nikaiacha, nikangoja nyingine."

Imevaa koti jeupe. Kasema hivyo hivyo, huku mguu wake unakanyagakanyaga sakafu kama yuko kwenye cherehani.

Halafu akanishika mkono. Nikajua hapa nafukuzwa.

Akasema, "Niombee. Sasa hivi, kwa sauti, nikusikie."