Kila Upande Ujiamulie, Isipokuwa Nguo?

Bi Mwanahija, shikamoo. Nisaidie mwanao kabla sijaharibu, maana hapa Guangzhou sina mama wala shangazi wa kumwendea. Mimi ni Mzanzibari, nafanya biashara, navaa baibui kwa hiari yangu, na katika tawi letu dogo la chama, linalokutana kwenye chumba cha kupanga mtaa wa Sanyuanli, mimi ndiye niliyekuwa nikisimama kila kikao kusema Zanzibar ijiamulie mambo yake na bara ijiamulie yake, na wote wananipigia makofi, mpaka Abdulhadi, mchumba wangu, alipoleta azimio kwamba chama kidai sheria moja ya Muungano mzima ya kupiga marufuku wanawake kuvaa suruali na nguo fupi. Wa pwani wakaunga mkono, wa bara wakapinga, wakalingana, imebaki kura yangu, na Theophil wa Moshi akaniuliza mbele ya watu, "Dada Dalila, si wewe uliyetufundisha kila upande ujiamulie? Au nguo haimo?" Nikaomba muda wa kufikiri. Tulipotoka Abdulhadi akaniambia, "Ukipinga, harusi mei you," kama Wachina wa sokoni wanavyotujibu bidhaa ikiwa hakuna. Nampenda, na maadili yananiuma kweli, ila naogopa tukiwaachia Dodoma watupangie nguo leo, kesho watatupangia na bandari. Kura ni mwisho wa mwezi, na kontena langu la jinzi za kike kutoka Xintang linapakiwa melini bandari ya Huangpu wiki hiyohiyo. Nifanye nini?

Dalila, Guangzhou

Marahaba, Dalila. Pole, lakini nawe una vituko. Umelia barua nzima habari ya Muungano, jinzi ukazichomeka mwishoni kana kwamba hazikuhusu. Wenzako wanajua kilichomo kwenye kontena hilo? Waambie wewe kwanza, la sivyo hata ukisema la haki wataona unatetea mzigo wako.

Kisha jiulize: ungekuwa unasafirisha mabaibui, bado ungepinga? Kama ndiyo, pinga, tena kwa mdomo wako, na usijifanye mgonjwa siku hiyo. Huwezi kudai Zanzibar iachwe ijiamulie halafu ukampangia binti wa Moshi nguo. Maadili yanakuuma? Yapeleke kwenu, Wazanzibari wayajadili. Si ndiyo siasa uliyokuwa ukiihubiri?

Na huyo mchumba. Mtu anayeshikilia harusi ili apate kura yako, akishakuoa atashikilia nini? Usimtukane, usimlilie. Nenda kikaoni, kaa mbele, nyoosha mkono auone. Akivunja posa kwa ajili ya mkono huo, mshukuru, maana amekuonyesha mapema nyumba ambamo ungeishi umenyamaza.