Isale la Meneja

Lukresia, bado niko mjini, hapa walipotuuzia pikapu. Hawa watu siwaamini.

Giaboksi imekufa na waranti haijaisha. Wanasema ni sisi, tumezidisha mikungu. Bila pikapu ndizi za soko la Himo zitaivia shambani.

Nikasema, nionyesheni hiyo giaboksi iliyovunjika. Hakuna aliyeileta.

Mara meneja, kijana wa Masama kabisa, akaja na jani la isale, lile letu Wachagga la kuombea msamaha. Eti, "Shikamoo bibi. Pokea, tusameheane, yaishe."

Isale, Lukresia. Nani analeta isale bila kukosa?

Na unajua, nikishapokea sidai tena. Nikaficha mikono ndani ya kanga.

Nikamtegea kitendawili: sina kosa, naomba msamaha.

"Basi taja kosa kwanza, baba, ndipo nipokee."

Bado amesimama nalo mkononi. Mimi nimekaa.