Nani Atatafuta Jina Asilolijua

Jumatatu, 2 Juni
Nimeamka. Kabla ya chai, lile la kila siku: naandika jina la karakana yetu kwenye simu, natafuta. Tovuti yetu iko juu kabisa, ya kwanza. Na simu hailii. Tangu Pasaka hakuna aliyeagiza baiskeli ya walemavu hata moja, zile za magurudumu matatu za kuzungusha kwa mikono. Wandera, fundi wangu, anachomelea madirisha ya watu ili asikae bure. Kaka yangu Owino kasema tena: saruji yake inafika mwisho wa mwezi, na kama kazi bado hakuna, chumba hiki cha karakana ni stoo. Kiwanja ni chake, baba alimwachia yeye. Nimechoka kusikia.

Jumatano, 4 Juni
Busia, kupeleka vipuri. Nikavuka upande wa Kenya kumwona wifi yangu Nafula, anauza mitumba. Nikamwomba atafute kwa simu yake, kama mtu anayetaka baiskeli. Akaandika: baiskeli ya walemavu Busia. Wapi! Vifaa vya hospitali za Nairobi, matangazo ya viti, kurasa na kurasa. Sisi hatumo.

"Sasa wifi, wewe hutafuta nini kila siku?"

Jina letu, nikasema. Akacheka mpaka akashika meza. Mimi sikucheka. Simu yangu inaniletea kile ninachokifungua kila asubuhi, basi. Na nani atatafuta jina asilolijua? Miezi yote hii nilikuwa najitazama kwenye kioo. Nimerudi Tororo, upande wetu wa Uganda, na hasira, sijui kwa nani.

Ijumaa, 6 Juni
Nimesoma tovuti yetu kama mgeni. Ala! "Suluhisho jumuishi za usafiri." Nani mpakani anasema hivyo? Neno baiskeli halimo. Tororo haimo. Picha ni ya mzungu kwenye kiti, hospitalini, nzito hivi kwamba maji ya chai yalichemka kabla haijafunguka. Na mimi niliisifu. Niliwaonyesha watu kanisani.

Jumanne, 10 Juni
Nimempigia aliyetutengenezea tovuti. Ushauri wake: andika "baiskeli" mara mia chini ya ukurasa, kwa herufi nyeupe, watu wasione, mashine ione. Nimefanya. Jioni nimesoma maelekezo ya wenye mtambo wa kutafuta wenyewe. Ujanja huo unaweza kukufukuzisha kabisa kwenye matokeo yao. Nimefuta yote. Wanasema pia mabadiliko huchukua wiki, pengine miezi, kuonekana. Miezi! Saruji haisubiri miezi. Nimelala na nguo.

Ijumaa, 13 Juni
Nimemuuliza Wandera wateja humuuliza nini. Miguu yake mwenyewe haimbebi, miaka mingi amevusha sukari na sabuni mpakani kwa baiskeli kama hizi. Akasema mnyororo. Kila mtu ni mnyororo. Basi yeye amesema, mimi nimeandika, Kiswahili chetu hiki hiki: mnyororo wa baiskeli ya walemavu ukikatika njiani, ufanye nini. "Andika asivute kwa nguvu, Mama Athieno. Wote huvuta kwa nguvu." Nimeandika. Picha ni mikono yake, nimeipunguza uzito ifunguke upesi. Kichwa cha ukurasa ni swali lenyewe. Chini: tunatengeneza na tunaunda mpya, Tororo, barabara ya Mukuju, na namba ya simu. Kazi ya siku nzima. Macho yananiuma.

Ijumaa, 20 Juni
Hakuna kitu. Nimekwenda tena Busia, kwa mama anayeongoza kikundi cha wavushaji walemavu. Wana ukurasa wao. Nimemwomba aweke anwani yetu pale, wanaousoma watufikie, na mtambo ujue kuna wanaotutambua. Kwanza alisoma habari ya mnyororo yote, polepole. Kisha akasema ataweka, kwa sababu ni kweli. Nilitaka kulia, sijui kwa nini.

Jumamosi, 28 Juni
Owino kaja na futi, anapima ukuta. Hakunitazama. Nilimwambia hata baba asingefanya hivi. Akasema baba hakuwa na saruji. Namchukia leo. Kesho nitaomba msamaha kwa Mungu, leo hapana.

Jumatatu, 30 Juni
Lori limefika. Mifuko hadi dirishani. Mimi na Wandera tumesogeza mashine ya kuchomelea nje, chini ya upenu. Vumbi jeupe kila mahali, hata kwenye chai.

Jumanne, 1 Julai
Simu imelia mchana. Mwanamke, upande wa Kenya. Baiskeli ya binti yake ilikatika mnyororo jana, akatafuta afanye nini, akatupata sisi. Akafuata maneno ya Wandera, imetembea. Lakini fremu imechakaa, mtoto amekua, anataka mpya kabla ya muhula ujao. Akauliza, "Samahani, kwani nyinyi mnaitwaje?"

Nikamtajia jina letu, polepole. Hakuna aliyewahi kutupata bila kutujua.

Kisha akauliza kama bado tupo, kama karakana inafanya kazi. Nikatazama mifuko ya Owino mle ndani, na Wandera chini ya upenu, ameshaacha kazi, ananisikiliza.

Tupo, nikamwambia. Mlete mtoto tumpime.

Asubuhi sikutafuta jina letu. Nimekumbuka sasa hivi tu, nikiandika. Kesho tununue turubai, upenu unavuja.