Nguo ya Kipimo

Jumatano, Novemba 2006. Maskati. Joto limeanza kutuhurumia, leo nimeendesha gari na dirisha wazi.

Trrrrp.

Hiyo ndiyo sauti niliyoamka nayo asubuhi: mshono wa gauni ukiachia, kutoka kwapani hadi kiunoni. Ilitoka jana alasiri sebuleni kwetu, mbele ya mama, mama mdogo Zuwena, na binamu yangu Rahma anayeolewa wiki ijayo. Kwa mara ya kwanza tangu nilivae, nikapumua.

"Haya," akasema mama mdogo, "nguo imesalimu amri."

Tukacheka mpaka Rahma akakaa chini. Nilicheka nami, mikono juu kama mwizi aliyekamatwa, ubavu wangu wote nje.

Kosa lilikuwa langu, na si la bahati mbaya. Kwa wasiojua: hapa fundi wa nguo zetu ni mwanamume, kwa kawaida Mhindi, na hampimi mwanamke. Unampelekea nguo yako moja inayokukaa vizuri, anaitandaza mezani, anaipima pande zote, unamwachia kitambaa, unaondoka. Nguo ile ndiyo mwili wako. Fundi wangu wa Mawaleh ananishonea mwaka wa sita sasa, na hajui nina umbo gani. Mimi huingia nimejifunika abaya na kutoka nimejifunika abaya.

Kwa hiyo ukitaka kumdanganya, unaweza.

Tulipopata kitambaa cha sare ya harusi, satini ya kijani, nilimpelekea gauni la bluu nililokuwa nikivaa mwaka wa kwanza chuoni. Nilijiambia Ramadhani inakuja, nitafunga, nitakonda, mimi na gauni tutakutana njiani. Lakini nani amewahi kukonda Ramadhani katika nyumba ya Kizanzibari? Hadi Idi nilikuwa nimeongezeka. Gauni nililichukua dukani juzi bila kulijaribu, kwa woga, na jana likajijaribu lenyewe.

Ungamo la leo ni hili: sikutaka kukonda kwa ajili ya Rahma.

Kuna mtu. Nitamwita N. Anakaa Mabela, dakika ishirini kutoka kwetu, na tunaandikiana mwezi wa nane sasa. Tulifahamiana kwenye mtandao, katika ukurasa wa wanawake wanaopenda wanawake, ambako kila mmoja ana jina la uongo na maneno ya kweli. Ananiuliza lini tutaonana. Nimemwambia nina mafua. Nimemwambia gari bovu. Nimemwambia Ramadhani. Hajapata kuona hata picha yangu. Nilimwahidi moja ya harusini, ndani ya satini ya kijani, nikiwa yule wa mwaka wa kwanza.

Jumamosi aliniandikia: "Niambie kabla ya Alhamisi kama unataka tuonane. Ukinyamaza, nitaelewa kuwa hutaki, na sitakusumbua tena."

Alhamisi ni kesho.

Si kwamba nilidhani N. atanikataa kwa sababu ya unene. Ninachokiogopa kina aibu zaidi. Chuoni kulikuwa na msichana mnene, nywele fupi, hacheki ovyo. Wenzangu walikuwa wakisema akipita: "Nani atamwoa yule? Ndiyo maana anapenda wasichana." Sikusema neno. Lakini siku hiyo nilijipangia sharti. Kama mimi ndiye mwanamke wa kupenda wanawake, basi nitakuwa mwembamba na mzuri kiasi kwamba hakuna atakayeweza kusema wanaume walinikataa kwanza. Nitakuwa ushahidi.

Tangu hapo najitetea katika kesi ambayo hakuna aliyeifungua.

Kila kilo niliyoongeza niliiona kama hoja ya upande wa pili. Naandika hili na nacheka, lakini limenila miaka.

Nirudi jana. Baada ya vicheko, mama alianza kuniwekea pini ili tuone pengo ni kubwa kiasi gani, na mama mdogo akaanza habari za ofisini kwao. Wamepata mkubwa mpya, mwanamke.

"Mnene hivi, nywele kazikata zote, viatu vya kiume, mwendo wa askari. Mie nnakwambieni, yule msagaji yule."

"Zuwena, muogope Mungu," akasema mama. "Yule namjua, ana watoto wanne."

"Ati wangapi?"

"Wanne. Akika ya yule wa mwisho nlikwenda mimi mwenyewe. Na mumewe hamwachi hata dukani, wanafuatana kama kiatu cha kulia na cha kushoto."

"Haya, basi nistaghfiru." Mama mdogo akaomba toba kwa sauti, kisha akanigeukia, mkono kiunoni, akanitazama kuanzia utosini hadi vidoleni. "Lakini si bora wangekuwa kama huyu mwanetu? Kanawiri, mashaallah. Nywele hizo, hina hiyo miguuni. Mwanamke ndiye huyu."

"Usimtie kijicho," akasema mama.

Nami nilikuwa nimeshikilia pini tatu midomoni. Mama wa watoto wanne ndiye msagaji, na mimi ndiye mwanamke wa mfano. Nilitaka kucheka mpaka nikaogopa nitazimeza.

Usiku nililala vizuri kuliko nilivyostahili. Leo kazini nimeyawaza hayo siku nzima. Nilikuwa nikiogopa kufanana na picha iliyo vichwani mwao, kumbe picha yenyewe haimjui yeyote. Imemkosa yule mkubwa wa ofisi na imenipita mimi nikiwa nimesimama katikati ya sebule, nusu nguo. Na yule msichana wa chuoni, sikuwahi hata kumuuliza anampenda nani. Pengine alikuwa mtu wa hesabu tu, anayependa nywele fupi kwa sababu ya joto.

Tena mimi si bora kuliko wao. N. nimemchora kichwani kwa kalamu ileile: mwembamba, nywele za kivulana, suruali. Kwa nini? Kwa sababu anaandika sentensi fupi. Mwanamke mzima niliyesoma nimefanya hivyo.

Sitaki kujidai shujaa. Mama hajui, wala leo si siku ya kumwambia, na sijui kama siku hiyo ipo. Hilo linaniuma na nitaliacha liume.

Saa kumi, maduka yalipofunguliwa tena baada ya mapumziko ya mchana, nilikuwa mlangoni kwa fundi. Nilimpa gauni lililoachia pamoja na kanzu yangu ya nyumbani, ile pana ninayoipenda. Akaitandaza juu ya meza, akaipima, akaniuliza kwa Kiarabu chake cha sokoni, "Hii ya mama?"

"Ya kwangu."

"Na ile ya bluu, ya dada?"

"Ya kwangu. Ya zamani."

Nilingoja anicheke. Hakucheka. Aligeuza gauni la kijani ndani nje, akanionyesha upande: kitambaa hakikuchanika hata uzi mmoja, ulioachia ni mshono tu, na ndani alikuwa ameacha nafasi ya vidole vinne, kulia na kushoto.

"Harusi," akasema. "Harusi, wanawake wote wanaleta nguo ya zamani."

Wote! Miaka yote hiyo nikidhani ni siri yangu.

Nilirudi garini, na kabla akili haijanikamata nikampigia N. Namba tulipeana katika mwezi wetu wa tatu wa kuandikiana. Sauti yake sikuwa nimepata kuisikia: nzito, ina Kiswahili cha Bara, maana kwao ni Waomani waliorudi kutoka Burundi, kama sisi tulivyorudi kutoka Zanzibar.

"Mimi ni mnene," nikasema, hata salamu sikutoa.

Akajibu: "Sawa. Na mimi mfupi. Uko wapi?"

"Mawaleh."

"Dada, mimi niko njiani kwenda huko kununua nyanya."

Tumekutana kwenye mgahawa wa chai wa hapohapo Mawaleh, ule ambao unapiga honi unaletewa chai garini. Alihamia kwenye gari langu na mfuko wake wa nyanya. Nywele ndefu kuliko zangu, kucha za rangi ya waridi. Alinitazama waziwazi, kama mtu anayesoma barua hadi mwisho, akasema, "Mbona ulinichelewesha hivi?" Nikaagiza chapati ya jibini na asali, nikaila yote mbele yake bila kuingiza tumbo ndani. Alikuwa na haraka, kwao wanangoja nyanya. Alikaa saa nzima.

Adhana ya magharibi ilipotoka aliniuliza kama bado nadaiwa jibu. Nikamwambia jibu nimelileta mwenyewe, lote, na kitini halikuenea vizuri.

Nimerudi nyumbani sasa hivi. Picha sikumtumia. Nimekwenda mwenyewe.