Msafiri wa Nyakati Afika Itaka

Jumatatu, 7 Juni 1976

Nimezitia ufunguo saa za stesheni hapa mpakani, zote mbili. Yetu na ya Zambia, iliyo nyuma kwa saa moja. Abiria mmoja kauliza ipi ni ya kweli. Nimemwambia zote. Kaondoka amenuna.

Barua ya Daudi imefika. Binamu yangu huyu anafagia studio ya televisheni kule Kitwe, Zambia, basi anajiona bwana mkubwa. Wanatafuta hadithi za msafiri wa nyakati: mtu anaingia kwenye mashine, anatokea zamani. Zamani ya kweli, mahali pa kweli. Sharti moja: msafiri anatazama tu, habadilishi kitu. Yangu niipeleke kwa dereva wa lori linaloondoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, Jumamosi.

Televisheni yenyewe sijawahi kuiona. Sinema ya gari nimeona mara mbili, na mara moja nilikuwa nyuma ya mti. Nitaandika hivyo hivyo.

Jumanne, 8 Juni

Nimechagua Itaka, alikozaliwa Babu, wakati wa vita ya Mjerumani. Babu anaishi nami tangu watu wa kwao walipohamishiwa vijiji vya ujamaa. Nimemhoji mpaka ugali ukapoa. Kwao kulikuwa na tanuri la kuyeyushia chuma, la udongo wa kichuguu, refu kuliko mtu. Alipopata akili lilikuwa limeshaachwa, mbuzi wanalala humo. Mbuzi! Lazima waonekane. Nimefurahi kupita kiasi.

Nilipouliza nani mwingine aliingia humo, kasema amechoka.

Jumatano, 9 Juni

Kurasa nane. Karatasi za ofisi, Mungu anisamehe. Mashine nimeipa umbo la behewa. Ndilo ninalolijua.

Alhamisi, 10 Juni

Asubuhi Babu kaanza mwenyewe, hata sijauliza.

Askari walikuja kukamata wapagazi wa vita. Nzunda, kaka yake, akajificha ndani ya tanuri. Askari akamwuliza mtoto aliyekuwa anacheza pale. Mtoto akanyoosha kidole, anacheka, akidhani ni mchezo wa kujificha. Mtoto ni Babu. Nzunda alifungwa kamba na wenzake, akaenda na mzigo, hakurudi. Mama yao hakuambiwa kamwe nani alionyesha.

Miaka sitini amekaa nalo. Mimi namwuliza habari za mbuzi.

Kisha kaniomba kitu. Huyo mtu wako, anaweza kumwita yule mtoto? Si Nzunda. Mtoto. Amwite kidogo tu, akatazame mashine.

Nimemweleza sharti la Kitwe. Kaitikia kwa kichwa. Najichukia.

Ijumaa, 11 Juni

Nimemaliza kama walivyotaka. Msafiri anasimama kando, anatazama kidole kikinyooka. Ni nzuri. Labda nzuri kuliko chochote nilichowahi kuandika. Nikamsomea Babu kabla ya kwenda kazini. Kasikiliza mpaka mwisho, kashukuru, kama watu wanavyonishukuru nikiwakatia tiketi.

Stesheni nimegombana na kila mtu.

Saa nane mchana nimechana ukurasa wa mwisho. Sasa msafiri anafungua mlango wa behewa, anapunga mkono. Mtoto anakimbilia. Anaonyeshwa taa, vitufe, kengele. Anaruhusiwa kuipiga. Askari anafika kwenye tanuri, hakuna mtu wa kumwuliza. Mbuzi tu.

Daudi atapiga kelele. Wataikataa, najua. Sijali. Uongo, najali sana. Nilitaka mno jina langu lisomwe huko. Ila imekwisha, sibadilishi.

Sijamsomea Babu. Nimeona aibu. Nimemwachia kurasa mkekani, na miwani yake juu.

Jumamosi, 12 Juni

Babu kataka kuibeba bahasha mwenyewe. Kavaa koti. Tumetoka nyumbani saa nne, tumevuka mpaka taratibu kwa ajili ya magoti yake. Dereva kapokea, kaitupia nyuma ya kiti, kaondoka. Basi.

Ukutani mwa duka saa ilionyesha tatu na nusu. Babu kaikodolea macho. Kauliza kama imeharibika. Nimemwambia hapana, ndivyo ilivyo, ukivuka tu unarudi nyuma saa moja.

Kakaa kwenye benchi la duka. Nilidhani magoti. Nikamnunulia soda, hakuinywa. Aliitazama ile saa mpaka ikafika nne.

“Haitoshi, mjukuu wangu,” kasema.

Kisha kanipa mkono nimwinue, tukarudi nyumbani.